Darasa Lisilochemka

Saa saba mchana, darasa lenye bati tupu huwa tanuri. Aliyesoma shule ya msingi ya kijijini anaikumbuka hali hiyo: jua limesimama utosini, wanafunzi wamebanana kwenye dawati, shati limegandia mgongoni, na mwalimu naye amesogea mlangoni kutafuta upepo. Mvua ikinyesha, joto hupungua lakini somo halisongi. Bati linapigwa kama ngoma, sauti ya mwalimu inazama, chaki inawekwa chini mpaka wingu lipite. Hakuna aliyekusudia watoto wateseke. Ramani ilitoka ofisini, ile ile kwa pwani na kwa nyanda za baridi, fundi akapandisha ukuta, akapiga kenchi, akapigilia bati, akakabidhi ufunguo.

Diébédo Francis Kéré alikaa katika darasa la namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1965 Gando, kijiji cha Burkina Faso, akiwa mtoto wa kwanza wa chifu. Gando haikuwa na shule. Alipofika umri wa miaka 7 akaondolewa nyumbani na kupelekwa mjini Tenkodogo, akawa mtoto wa kwanza wa kijiji chake kusoma, katika chumba cha saruji kilichosongamana watoto zaidi ya 100. Mwaka 1985 akapata ufadhili wa kwenda Ujerumani kujifunza useremala, fani ya ajabu kidogo kwa kijana anayetoka kwenye ukame ambako mbao ni mali adimu. Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu majengo. Hata kabla ya kuhitimu, mwaka 1998, alikuwa ameanzisha chama cha kuchangisha fedha ili kijiji chake kipate shule. Ilikamilika mwaka 2001.

Sasa fikiria siku aliporudi kueleza mpango wake. Kijiji kimemngoja mtoto wao aliyesomea Ulaya, naye anawaambia atajenga kwa udongo. Wazee walishangaa, na msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuuliza kwa nini. Nyumba ya udongo ni nyumba ya babu, ile ya kukandikwa upya kila baada ya masika. Maendeleo ni tofali la saruji. Nani aende shule Ulaya ili arudi na tope?

Kéré hakubishana nao sana. Alijenga tao la majaribio kwa matofali ya udongo, kisha yeye na mafundi wake wakapanda juu yake na kurukaruka. Halikuanguka. Udongo wenyewe haukuwa ule wa kukandika: ulichanganywa na saruji kidogo ukashindiliwa kwenye mashine ya mkono ya kufyatulia, kila tofali likatoka gumu na lenye kona kali.

Lakini udongo ni nusu tu ya kisa. Akili ya jengo la Gando iko juu, na inafaa kuitazama kwa makini, kwa sababu hakuna kitu pale ambacho fundi wa wilayani angeshindwa kukifanya. Bati limeinuliwa. Halikai juu ya kuta kama kofia. Limebebwa na kenchi nyepesi zilizochomelewa kwa nondo, zile zile za kawaida, na kati ya bati na darasa kuna uwazi ambao upepo hupita upendavyo. Chini ya uwazi huo kuna dari ya matofali yaliyopangwa kwa kuachiana nafasi. Jua linapiga bati, bati linawaka moto, lakini moto huo unaishia kwenye uwazi na kupeperushwa. Hewa ya moto ya darasani hupanda na kutokea kwenye matundu ya dari, na hewa baridi zaidi huingia madirishani kuchukua nafasi yake. Hakuna feni wala bili ya umeme. Bati limetokeza mbali nje ya kuta, kwa hiyo mvua haifikii udongo kirahisi.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini nondo, na si chuma kinene? Kwa sababu nondo hubebwa begani. Gando haikuwa na kreni ya kunyanyulia vyuma, ilikuwa na watu. Msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea vilitosha, na vijana wa kijiji wakafundishwa kuvitumia. Watoto waliokota mawe ya msingi. Wanawake waliteka maji. Sakafu ya udongo ilitwangwa na wanawake kwa saa nyingi, kazi ambayo bibi wa huku angeitambua bila mkalimani. Shule ilianza na wanafunzi wapatao 120. Baada ya miaka kadhaa wakafika karibu 700, likaongezwa jengo jingine, zikajengwa na nyumba za walimu. Kwa maktaba ya kijiji hicho, wanawake walileta vyungu walivyofinyanga wenyewe, vikakatwa juu na chini na kupangwa kwenye dari ili viingize mwanga na kutoa joto.

Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Kenya nayo ina kazi yake: kando ya Ziwa Turkana kuna chuo cha vijana wanaojifunza teknolojia ya habari, kilichokamilika mwaka 2021, chenye minara mirefu ya kupumulia hewa. Umbo la minara hiyo limetokana na vichuguu vinavyoonekana kotekote katika eneo hilo. Mchwa walikwisha kulitatua tatizo la joto zamani. Mtu wa Turkana anavipita vichuguu kila siku akichunga mbuzi.

Joto linaudhi. Kuna majengo yanayoua.

Kati ya mwaka 2005 na 2006, madaktari wa Tugela Ferry, eneo la mashambani la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, waligundua kifua kikuu sugu kupita kiasi kwa wagonjwa 53. Waliokufa ni 52. Ilibainika kwamba wengi wao waliambukizwa hospitalini, kwenye wodi na korido ambako watu hukohoa huku hewa imesimama. Waliokuja kutafuta dawa waliondoka na ugonjwa mwingine.

Habari hiyo iliwakuta vijana waliokuwa wakisomea usanifu majengo Marekani wakati shirika la Partners In Health na Wizara ya Afya ya Rwanda wakipanga hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, kaskazini mwa nchi. Wilaya hiyo ilikuwa na watu wapatao 340,000 bila hospitali ya wilaya. Vijana hao, ambao baadaye waliunda kundi la MASS Design Group, walihamia huko. Katika hospitali waliyochora, iliyofunguliwa mwaka 2011, korido za ndani zimeondolewa. Wagonjwa husubiri na kupita nje, kwenye vibaraza vyenye paa. Dari ziko juu, feni kubwa huzunguka polepole zikiivuta hewa, na madirisha ya juu huitoa. Vitanda navyo vimegeuzwa. Katika wodi tulizozoea, kitanda huegemezwa ukutani chini ya dirisha, mgonjwa akamtazama mgonjwa mwenzake siku nzima. Butaro imejenga ukuta mfupi katikati ya wodi, vichwa vya vitanda vikaelekezwa hapo, na mgonjwa akifumbua macho anaona dirisha na vilima. Kila mmoja ana dirisha lake. Ni badiliko dogo kiasi kwamba mtu anajiuliza kwa nini lilichelewa hivyo.

Kuta zimejengwa kwa mawe meusi ya volkano ya Virunga, mawe ambayo mkulima wa pale huyaona kero tupu jembeni. Waashi wa Burera walianza wakiacha saruji nene kati ya jiwe na jiwe. Walipofika mwisho walikuwa wakiyachonga na kuyabananisha mpaka kiungo hakionekani. Karibu watu 4,000 walipata kibarua katika ujenzi huo, wakipokezana kwa zamu.

Inaweza kuonekana kwamba tofauti inaletwa na moyo mwema wa mchoraji. Misri ina jibu chungu. Miaka ya 1940, Hassan Fathy, msanifu hodari aliyewapenda mafukara kwa dhati, alipewa kazi ya kujenga kijiji kipya cha Gourna ng'ambo ya Luxor. Serikali ilitaka kuwahamisha watu wapatao 7,000 waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya enzi za mafarao. Fathy alitumia tofali la udongo, akajenga msikiti, soko na nyumba za kuba zenye ubaridi mtamu. Kilikuwa kijiji kizuri, na wenyewe walikikataa. Riziki yao ilikuwa pale pale makaburini, kwa watalii na kwa vitu vya kale, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kuiacha. Na kuba, kwa macho yao, lilikuwa paa la kaburi. Ujenzi ulisimama kijiji kikiwa hakijafika nusu. Kitabu alichoandika Fathy kuhusu mradi huo kinasomwa vyuoni mpaka leo.

Mfano wa kinyume chake unatoka Iquique, mji wa jangwani kaskazini mwa Chile. Familia zipatazo 100 zilikuwa zimevamia kiwanja cha katikati ya mji na kukaa miaka 30. Ruzuku ya serikali ilikuwa dola 7,500 kwa kila familia, ambazo zilipaswa kununua ardhi, kuweka maji na barabara, na kujenga. Kwa fedha hizo nyumba kamili haipatikani. Msanifu majengo Alejandro Aravena na wenzake wa kampuni ya Elemental waliketi na wakazi, ambao walikuwa wamekataa katakata kupandishwa kwenye majengo marefu ya ghorofa, wakakubaliana kujenga nusu ya nyumba. Ilichaguliwa nusu ngumu: jiko, bafu, ngazi na kuta za kubeba uzito. Pembeni pakaachwa pengo, kila mtu alijaze kwa wakati na mfuko wake. Nyumba zilikabidhiwa mwaka 2004, na haikupita muda mrefu mapengo mengi yakawa yamejaa vyumba vya kila rangi.

Wapo wanaouliza kwa nini maskini apewe nusu wakati wengine wanapewa nzima, na swali hilo ni la haki. Hata hivyo, Mtanzania hawezi kushangazwa sana na Iquique. Mwaka huu msingi, mwakani ukuta hadi linta, ada za shule zikiruhusu bati, na familia inahamia plasta ikiwa bado. Nchi nzima inajenga kwa mtindo huo. Kilichokosekana ni mchoraji wa kuupanga vizuri toka mwanzo, ili chumba cha miaka mitano ijayo kisizibe dirisha la leo.

Kisha kuna nje, ambako watu wasio na nafasi ndani huishi zaidi. Familia ya chumba kimoja hufulia nje, hupikia nje, hukaa msiba nje, na watoto hucheza palipobaki. Miji ya Waswahili ililijua hilo tangu kale: baraza la mawe mbele ya nyumba za Lamu na Unguja ni kiti cha mwenye nyumba na cha mpita njia pia. Huko Kibera, tangu mwaka 2006, shirika la Kounkuey Design Initiative limekuwa likikaa na vikundi vya wakazi kugeuza kingo za vijito vilivyojaa taka kuwa viwanja vya umma. Viko zaidi ya 10 sasa. Kingo huzuiwa kwa vizimba vya waya vilivyojazwa mawe ili maji ya mafuriko yasizile. Juu yake huwekwa choo, mahali pa kufulia, vibanda vya biashara na bembea, kulingana na walivyotaka wenyeji, na ada ndogo za huduma husaidia kulipia usafi na matengenezo. Katika baadhi ya viwanja hivyo mama anafua huku jicho liko kwa mtoto anayecheza.

Dar es Salaam nayo ina kazi ya kujivunia, isiyo na jengo hata moja. Shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi ambazo watoto wake hugongwa zaidi na magari, likatazama wanapopita, kisha likaweka matuta, njia za waenda kwa miguu na vivuko. Kuna shule zilizofunguliwa lango jipya upande wenye magari machache. Utafiti uliofuata ulionyesha ajali za watoto zimepungua kwa asilimia 26 kwenye shule hizo, na mwaka 2019 mradi ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, yenye dola 250,000. Tuta moja na mstari mweupe havimpi mchoraji jina, labda ndiyo maana ni wachache wanaozijua habari hizi hata ndani ya Dar es Salaam kwenyewe.

Kamati nyingi za shule huletewa ramani mezani kila mwaka, wazazi wakiwa wamekwisha changa fedha na kusomba mchanga. Mjumbe hahitaji digrii ili anyooshe mkono. Amuulize msimamizi hewa ya moto itatokea wapi, mvua ikipiga mwalimu atasikikaje, na lango litafungukia barabara gani. Na aulize mapema, mafundi wakiwa bado wanachimba msingi.