Tiba-Kazi: Elimu ya Kumrudishia Mgonjwa Siku Yake



Msimu wa kuchagua masomo ya chuo kikuu unapowadia, majina yanayotajwa katika nyumba zetu ni yale yale: udaktari, uuguzi, ualimu, uhasibu. Binti akikutana na shahada ya tiba-kazi katika orodha ya KUCCPS na kuwauliza wazee wake, huwaona wakitazamana. Wapo wanaodhani ni elimu ya kuwatafutia watu ajira. Wapo wanaoichanganya na fiziotherapia, kwa kuwa hospitalini wataalamu wa fani hizi mbili huitwa kwa pamoja "watu wa mazoezi". Na wapo wanaoikataa papo hapo, kwa kuwa wamesikia kwamba anayeisomea kazi yake ni kuogesha wagonjwa.

Makala haya yanakusudia kueleza elimu hii ni ipi, inasomwaje, na kwa nini nyumba za Kiislamu za pwani zina haja kubwa ya kuona mabinti wao wakiisoma.

Maana ya kazi

Neno "kazi" katika jina hili halikusudii ajira. Linakusudia kila shughuli inayoijaza siku ya mwanadamu: kuamka, kujisafisha, kuvaa, kula, kuswali, kupika, kulea, kusoma, kucheza, kuwatembelea jamaa. Maradhi au ajali ikimnyang'anya mtu shughuli hizi, tabibu-kazi ndiye anayekaa naye kutafuta njia ya kuzirudisha.

Mfikirie mama wa miaka 60 aliyepatwa na kiharusi kikamlemaza upande wa kulia. Daktari amemtibu shinikizo la damu. Wauguzi wamemtazama usiku na mchana. Mtaalamu wa fiziotherapia amemsimamisha na kumfundisha kupiga hatua upya. Amerudi nyumbani akiwa hai, alhamdulillahi, lakini siku yake haikurudi pamoja naye. Mkono wa kulia haushiki. Hawezi kujifunga leso wala kubana hijabu. Chooni hana budi kuingia na mtu. Sinia ikiletwa, anaona haya kunyoosha mkono wa kushoto mbele ya wanawe na wakwe zake, basi anaomba chakula chake kipelekwe chumbani. Miezi miwili baadaye watu wa nyumbani wanasema mama amekuwa mkimya sana siku hizi. Hapana aliyetambua kwamba ukimya ule ulianzia kwenye sinia.

Tabibu-kazi humwendea mama huyu na swali: ni jambo gani unalotamani kulifanya tena kwa mikono yako mwenyewe? Akijibiwa kuwa ni udhu, hapo ndipo kazi inapoanzia. Ndoo yenye bomba huinuliwa juu ya kibao ili maji yateremke yenyewe na mkono mmoja utoshe. Kiti imara huwekwa bafuni na chuma cha kushikia hupigiliwa ukutani. Mkono uliolemaa hufundishwa kusaidia kwa kiasi cha nguvu zake, hata kama ni kuzuia kitu tu kisiteleze. Kijiko huongezwa unene kwenye mpini ili vidole dhaifu viweze kukishika. Hijabu ya pini hubadilishwa kwa ile ya kutumbukiza kichwani. Anayependa kupika hutafutiwa njia ya kukuna nazi akiwa ameketi kitini, mbuzi ikiwa imefungwa juu ya meza, badala ya kuchutama sakafuni.

Kwa hiyo si kweli kwamba kazi hii ni kuogesha wagonjwa. Makusudio yake ni kinyume cha hayo: mgonjwa aweze kuoga mwenyewe na mlango ufungwe.

Ilikotoka

Fani hii ina historia ya zaidi ya miaka 100. Mwezi Machi 1917, kikundi kidogo cha watu kilikutana katika mji wa Clifton Springs, jimbo la New York, Marekani, kikaanzisha chama cha kwanza cha kuieneza. Mwenyeji wao alikuwa George Barton, msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha akapooza upande wa kushoto. Kazi za bustani na useremala ndizo zilizomsaidia kurudia maisha, naye akashikilia kwamba wagonjwa wengine wangenufaika kwa njia hiyo. Miongoni mwa waasisi wenzake alikuwamo Eleanor Clarke Slagle, mwanamke aliyewahudumia wagonjwa wa akili na kufundisha fani hii mjini Chicago. Vita Kuu ya Kwanza ilipowarudisha makwao vijana wengi waliolemaa viungo na kujeruhika akili, haja ya elimu hii ikadhihirika. Nchini Uingereza, Dokta Elizabeth Casson alifungua shule ya kwanza ya fani hiyo, Dorset House, mjini Bristol mwaka 1930. Mwaka 1952 likaundwa Shirikisho la Dunia la Matabibu-Kazi, ambalo hadi leo huweka viwango vya chini vya mafunzo.

Miongoni mwa viwango hivyo kimo hiki ambacho kila mzazi anapaswa kukijua: mwanafunzi hakamiliki mpaka awe amefanya angalau saa 1,000 za kazi ya vitendo chini ya usimamizi, mbele ya wagonjwa halisi. Haitoshi kufaulu mitihani ya maandishi.

Yanayosomwa chuoni

Nchini Kenya zipo njia mbili. Ya kwanza ni stashahada ya miaka 3, inayotolewa na Chuo cha Mafunzo ya Tiba, KMTC. Ya pili ni shahada ya miaka 4 ya chuo kikuu, ambayo huhitaji alama ya jumla ya C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE, pamoja na alama nzuri za sayansi, hasa baiolojia. Aliyeanza kwa stashahada hajafungiwa mlango, kwani anaweza kuendelea hadi shahada baadaye.

Mwanzoni masomo hufanana na ya wanafunzi wengine wa afya: mifupa, misuli, mishipa ya fahamu, ubongo, maradhi na saikolojia. Kisha hufuata yale yanayoipambanua fani hii. Mwanafunzi hujifunza makuzi ya mtoto, ajue kwa umri gani mtoto hutarajiwa kuketi, kushika kijiko, kufunga vifungo. Hujifunza kutengeneza gango la kuunyoosha mkono ulioungua, ili kovu linapokauka vidole visijikunje. Hujifunza kuipima nyumba: upana wa mlango, urefu wa kitanda, kizingiti kinachomkwaza mzee usiku.

Somo lililo kiini cha yote ni uchambuzi wa shughuli. Mwanafunzi huambiwa achukue jambo dogo, tuseme kupika chai, aliandike hatua kwa hatua. Kuikumbuka sufuria ilipowekwa ni kazi ya kumbukumbu. Kuijaza maji na kuibeba ni kazi ya nguvu na mizani ya mwili. Kuwasha jiko ni kazi ya vidole na macho. Kujua maziwa yanakaribia kufurika ni kazi ya uangalifu, na kujua sukari kiasi gani inatosha wageni watatu ni kazi ya kukadiria. Mgonjwa akishindwa kupika chai, tabibu-kazi hutafuta ameshindwa katika hatua ipi, kwa sababu dawa ya anayesahau haifanani na dawa ya asiyeweza kushika.

Elimu hii haiishii kwa wazee waliopooza. Humhusu mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayehitaji kiti kitakachomwezesha kuketi wima akala. Humhusu mtoto mwenye usonji anayeziba masikio na kukimbia darasa la madrasa, watu wakamwita mtukutu, ilhali kelele za watoto 40 wanaosoma kwa pamoja zimemzidi. Humhusu kijana wa Malindi, Lamu au Mombasa anayejinasua kutoka kwa dawa za kulevya, ambaye siku yake imekuwa tupu na anahitaji kuijaza upya kwa mpango na kwa kazi za mikono yake.

Kwa nini binti wa hapa

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikiwa nyumba ambazo watu hula mezani kwa uma na kisu, huoga chini ya mfereji na kulala kila mtu chumbani kwake. Tabibu asiyejua maisha yetu, hata akiwa bingwa, anaweza kumfundisha mgonjwa kutumia uma asiouhitaji, asiulize kabisa juu ya udhu. Anaweza kuona mkono wa kushoto umepata nguvu akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vyema, asijue kwamba kwa mgonjwa huyu mkono ule ndio wa kujisafishia choo, na kuupeleka kwenye sinia ni jambo linalomwumiza moyo.

Binti aliyelelewa katika nyumba hizi huliona jambo hili bila kuambiwa. Anajua kumtengea mgonjwa sahani yake ndani ya mkeka ule ule, asile peke yake. Anajua kwamba dini imemfanyia wepesi mwenye udhuru: asiyeweza kutumia mkono wa kulia hula kwa wa kushoto bila dhambi, asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala ubavu. Yeye si mufti, na mas'ala yakimzidi atamshauri mgonjwa amwulize sheikh wake. Lakini angalau atajua kwamba swali lipo.

Mas'ala ya stara

Wazazi wengi huuliza, na wana haki ya kuuliza: je, binti yetu atawagusa wanaume? Jibu la kweli ni kwamba mafunzo huhusisha wagonjwa wa jinsia zote, na anayejiunga ajue hivyo mapema. Wanazuoni wameruhusu matibabu baina ya mwanamume na mwanamke pale penye haja, kwa mipaka inayojulikana: kutofunua zaidi ya panapotibiwa, na kutokaa faraghani wawili peke yao. Maadili ya taaluma yenyewe pia huamrisha kulinda faragha na kupata ridhaa ya mgonjwa. Familia ikae na sheikh wanayemwamini, binti naye aulize chuoni taratibu za mafunzo ya hospitalini kabla hayajaanza.

Lakini swali hilo lina upande wake wa pili ambao hauulizwi sana. Mama zetu wanapopooza, ni nani atakayewafundisha upya kuoga, kuvaa na kutumia choo? Pasipokuwa na mwanamke mwenye elimu hii, huwa mambo mawili: ama mama afundishwe na mwanamume, ama akatae na kurudi nyumbani kuogeshwa na binti zake maisha yake yote. Tukiwazuia mabinti wote kwa ajili ya stara, stara ya mama zetu ndiyo itakayopotea kwanza.

Karo na ajira

Haifai kuwapamba vijana njia isiyo na miiba. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013, na ajira za kaunti huja kwa uchache. Mhitimu anaweza kungoja. Milango mingine ni shule za watoto wenye mahitaji maalumu, hospitali za watu binafsi, vituo vya urekebishaji na huduma za majumbani. Mashirika pia yapo, mfano APDK, chama cha kuwahudumia wenye ulemavu kilichoanzishwa mwaka 1958, chenye kituo chake Port Reitz, Mombasa.

Kuhusu karo, familia nyingi husita mbele ya mkopo wa HELB kwa sababu ya riba. Ni vyema kumwuliza mwanazuoni mapema badala ya kungoja wiki ya kuripoti chuoni, na wakati huo huo kuomba basari za kaunti na za maeneo bunge. Kamati za misikiti na wenye uwezo miongoni mwetu nao wajiulize: tumejenga visima na madrasa, Mwenyezi Mungu ayapokee; je, binti mmoja asomeshwe miaka 4 kisha awahudumie wagonjwa kwa miaka 30, hiyo nayo si sadaka inayoendelea?

Kabla ya kuchagua

Kwa binti anayetamani njia hii, tunamshauri mambo matatu. Aende hospitali ya karibu, aombe ruhusa ya kukaa siku moja katika idara ya tiba-kazi atazame kwa macho yake. Akiona subira yake inakwisha kwa mgonjwa anayechukua dakika 20 kuvaa mkono mmoja wa kanzu, ajue mapema kwamba fani hii si yake, na hapana aibu. Pili, aulize chuo kama mafunzo yake yametambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na na baraza la taaluma, na ni saa ngapi za vitendo zinazotolewa. Tatu, yeye na wazazi wake wapange makazi kabla ya masomo kuanza, ikiwa chuo ni cha mbali: hosteli ya wanawake, au nyumba ya jamaa wanaoaminika.

Na kwa wazazi: binti akija na jina la somo msilolijua, mwulizeni kwanza linamfaa nani. Huenda anayefaidika akawa ni yule bibi aliyeko chumba cha ndani, ambaye kwa muda mrefu hajala pamoja nanyi.

Wabillahi tawfiq.