Kahawa Yetu na Ndoo ya Kuoshea Finjani

Mtu akitaka kuijua hali ya mji wetu wa Unguja asianzie ofisini wala hotelini. Na aanzie barazani, saa ambayo muuza kahawa amekwisha tia makaa chini ya dele lake na wazee wanatoka msikitini. Hapo atasikia bei ya karafuu na ya unga, atajua nani kafiwa, boti gani imechelewa kuingia na waziri gani kasema nini. Wageni wanaotutembelea wameandikiwa vitabu vizima vya kuwaonyesha pa kunywa kahawa katika mji huu, hali sisi wenyeji hatuandikiwi hata mstari. Kwa sababu hiyo nilijipa kazi ya siku 6, kuzizunguka baraza za kahawa za Mji Mkongwe na za Ng'ambo, na kuzipa alama kama mwalimu wa skuli anavyosahihisha madaftari.

Alama zilikuwa 10. Nilizigawa mafungu matatu: 4 kwa kahawa yenyewe, 2 kwa mahali pa kukaa, na 4 kwa finjani na maji ya kuioshea. Rafiki yangu mmoja alinicheka kwa fungu hilo la mwisho, akaniuliza tangu lini mtu akanywa ndoo. Nilimwomba asubiri.

Kahawa si zao la visiwa hivi. Buni tunayokunywa huvuka bahari kutoka Bara, ikiwa ya Bukoba au ya Kilimanjaro, na ni ajabu kwamba nchi inayolima kahawa nyingi namna ile huipeleka sehemu kubwa ng'ambo na yenyewe ikanywa chai. Sisi wa pwani tumekhitalifiana na wenzetu katika jambo hili kwa sababu ya bahari. Majahazi ya Uarabuni yalituletea desturi hiyo, na wengi bado wanawakumbuka Washihiri waliokuwa wakipita vichochoroni na dele mkono mmoja, na mkono wa pili wakigonganisha finjani ili watu wajue kahawa imefika. Mlio ule ulikuwa tangazo tosha, wala haukuhitaji kibao.

Utengenezaji wake hauna siri, ila una subira. Buni hukaangwa mpaka ikawa nyeusi, hutwangwa kinuni, kisha hutiwa katika dele na kuchemshwa juu ya makaa, ikipanda na kushuka, hata mashapo yakatulia chini. Wengine hutia tangawizi, wengine iliki. Sukari haitiwi. Mwenye kutaka utamu hutafuna kashata, na penye harusi au sikukuu huletwa halua. Nimegundua, na wauzaji wanisamehe, kwamba tangawizi nyingi mno aghlabu huficha kahawa iliyolala. Kahawa iliyokaa motoni tangu asubuhi huingia uchachu, na uchachu huo tangawizi huufunika kama udi unavyofunika harufu ya chumba kisichofagiwa.

Siku ya kwanza nilianza Malindi, kabla jua halijapanda, pale wavuvi na wachukuzi wa bandarini wanapofungulia kinywa. Kahawa ya hapo ni nzito, chungu kwelikweli, na hainywewi kwa starehe bali kwa kazi. Mtu husimama, hupiga finjani mbili, hutoa sarafu yake na kwenda zake. Kwa kahawa nilitoa 4 kamili. Kwa mahali pa kukaa sikuweza kutoa kitu, kwani hapakuwa na pa kukaa.

Darajani sikukaa sana. Soko lile la tangu mwaka 1904 lina kelele zake, na mtu hanywi kahawa vizuri akiwa anapishana na mikokoteni.

Sokomuhogo, pale panapoitwa Jaws Corner, nilikaa jioni mbili nzima. Jina hilo limetokana na filamu ya papa ya mwaka 1975, na limeganda hata vijana ambao hawajapata kuiona filamu hiyo hulitamka kama jina la mtaa wa mababu. Vichochoro kadhaa hukutana hapo, baraza zimezunguka pande zote, na kuna ile simu kongwe iliyoandikiwa kwamba mtu aweza kuzungumza na nchi za nje bila ya malipo. Watalii wamekuwa wakiipiga picha. Wenyeji humsubiri mtalii atakayejaribu kuipiga. Hapo dhumna huchezwa, magazeti husomwa kwa sauti, na siasa haina mwisho. Tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992, Jaws Corner na Kisonge ya Michenzani zimejulikana kwa mielekeo iliyopingana, na watu wa huku wasingependa kuonekana kule. Nilikunywa kote kuwili. Buni ni ile ile. Kwa mahali pa kukaa nilizipa zote mbili 2, na sikuona sababu ya kuwanyima.

Michenzani yenyewe inastahili neno zaidi. Majumba yale marefu, ambayo ramani yake ilichorwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, yalijengwa bila ya baraza. Nyumba za Mji Mkongwe zina baraza za mawe ukutani kwa makusudi: mwenye nyumba humpokea mgeni hapo bila ya kuwabughudhi wanawake ndani, na mvua ikifurika njiani watu hupita juu yake. Mchoraji wa ghorofa hakulifikiri hilo. Watu wakajitengenezea wenyewe, hapa ubao juu ya matofali, pale sakafu ya saruji kando ya ngazi, na muuza kahawa akaja bila ya kuitwa. Hata lugha ya Serikali imetoka barazani: tuna Baraza la Mapinduzi, tangu mwaka 1980 tuna Baraza la Wawakilishi, na usafi wa mji umo mikononi mwa Baraza la Manispaa.

Nilipita pia katika mikahawa mipya ya wageni iliyofunguliwa ndani ya nyumba kongwe, yenye mitambo ya mvuke na viti vya mito. Kahawa yake si mbaya, na nisingesema kweli kama ningeikebehi. Maji yapo, vikombe hung'aa, na wanawake hukaa hapo bila ya kutazamwa, jambo ambalo baraza zetu hazijaliweza hadi leo. Lakini bei ya kikombe kimoja barazani ingewanywesha watu wengi, na sehemu moja nilimwona mwenye biashara amepanga vyungu vya maua juu ya baraza ya mawe ili wenyeji wasikae. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nadhani hawakuandikisha kuta peke yake.

Sasa ndoo. Kahawa ya barazani ni salama, kwani hakuna kijidudu kinachostahimili kuchemka namna ile mchana kutwa. Hatari imo katika finjani. Mahali pamoja, ambapo sitapataja, nilihesabu. Tangu kutoka alasiri hadi magharibi finjani zilizama katika ndoo moja zaidi ya mara 50, na maji hayakubadilishwa hata mara moja. Finjani ya mzee anayekohoa ilizama, ikatoka, ikajazwa, ikapewa kijana aliyeketi pembeni yangu. Yalipokaribia magharibi maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Mahali hapo kahawa yake ilikuwa ya 4, kivuli chake cha 2, na ndoo yake haikupata kitu.

Hatujasahau kipindupindu kilichoanza mwaka 2015 na kuingia mwaka 2016, kikaua watu, na wauza vyakula na vinywaji njiani wakazuiwa. Katazo lilikuwa na sababu. Ila maradhi yalipopungua wauzaji walirejea na ndoo zile zile, kwa kuwa hakuna aliyewapa kitu kingine. Nahofia kwamba siku maradhi yatakaporudi tutafanya vile vile: tutamfukuza mtu na dele lake, na maji yatabaki kama yalivyo.

Kwa hiyo neno langu ni kwa waheshimiwa wa Manispaa, wa Mamlaka ya Maji na wa Hifadhi ya Mji Mkongwe. Baraza kubwa za kahawa mjini si nyingi, mtu aweza kuzipitia zote kwa miguu. Bomba moja karibu na kila moja, lenye kutoa maji saa za alasiri na usiku, halihitaji mkopo wa nje. Na bomba lisipowezekana, muuzaji aagizwe kuweka birika la pili la maji yanayochemka kwa ajili ya kusuuzia, na afisa wa afya apite kumwonyesha badala ya kupita kumtoza.

Siyasemi haya kwa kubuni. Usiku wa 6, huko Miembeni, nilimkuta mzee mmoja anayefanya hivyo bila ya kuagizwa na mtu. Ana ndoo mbili, moja ya sabuni na moja safi, na birika la maji moto juu ya jiko la pili. Nilimpa 9, ile moja nilimkata kwa tangawizi. Nilimwuliza maji huyapata wapi. Akasema, "Nayanunua kwa madumu, mwanangu, kwa mkokoteni. Nimekwenda ofisini mara mbili kuomba bomba, nikawaambia nitalilipia." Nikamwuliza walimjibu nini. Akafuta finjani, akanijazia ya mwisho, akasema kwamba bado anasubiri kuambiwa alipe dirisha gani.