Jina Lililo Kwenye Lebo: Kazi za Ndani za Hifadhi na Msamiati wa Kisiwa cha Mafia

1.0 Utangulizi

Mgeni anayeingia katika jumba la makumbusho, maktaba au bustani ya mimea huona kile tu alichoandaliwa akione. Nyuma ya milango iliyofungwa kuna kazi nyingine: kukausha, kubandika, kupanga, kutia namba na, zaidi ya yote, kutaja. Kazi hiyo ya kutaja ndiyo mada ya makala hii. Hoja yetu ni kwamba lebo, yaani kikaratasi kinachoambatanishwa na kitu kinapoingia hifadhini, ni ushahidi wa lugha wenye thamani kubwa, na kwamba sisi wanaisimu wa Kiswahili tumewaachia wengine ushahidi huo. Mifano yetu mingi inahusu Mafia, kisiwa ambacho mimea na masalia yake vimekusanywa kwa miaka mingi na kuhifadhiwa mbali na wenyeji wake.

2.0 Safari ya tawi

Mwaka 1937 mtaalamu wa mimea P. J. Greenway alikusanya mimea kisiwani Mafia. Wakati huo alikuwa akifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Mwaka 1950 hifadhi ya mimea mikavu ya Amani ilihamishiwa Nairobi. Kwa hiyo, anayetaka kujua mimea ya Mafia ya enzi hizo hana budi kuvuka bahari, na pengine kuvuka mpaka.

Hatua anazopitia mmea hadi kufika kabatini ni hizi. Tawi lenye maua au matunda hukatwa, hulazwa kati ya magazeti, hukandamizwa kwa mbao na mikanda, kisha hukaushwa. Baadaye hubandikwa juu ya karatasi ngumu, na pembeni hubandikwa lebo yenye jina la mkusanyaji, namba yake, mahali, tarehe, aina ya udongo na, ikiwa mkusanyaji alijali kuuliza, jina la kienyeji. Wahifadhi hupambana na wadudu mwaka hadi mwaka, kwa kuwa mende mdogo aweza kuharibu katika msimu mmoja kazi ya nusu karne.

Ni dhahiri kwamba jina hilo la kienyeji halikujiandika lenyewe. Yupo mtu aliyeongoza njia, akashika tawi na kusema: huu ni mti fulani. Jina la mkusanyaji hubaki kwenye lebo daima. Jina la aliyetaja ni nadra kuonekana.

3.0 Lebo na kamusi

Greenway alitumia majina ya namna hiyo kutunga kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Tukilinganisha kazi ya aina hiyo na kamusi zetu za jumla tunaona tofauti kubwa. Katika kamusi za jumla vidahizo vingi vya mimea huelezwa kwa maneno "aina ya mti" na maelezo machache ya matumizi. Msomaji hujua kuwa neno lipo, lakini hajui linataja nini. Lebo, kwa upande wake, hufungamanisha neno, kitu chenyewe, mahali na tarehe. Kwa maana hiyo lebo yenye jina la Kiswahili ni ithibati ya neno iliyo bora kuliko nyingi tulizo nazo.

Tuchukue mfano wa miti ya maji ya chumvi, ambayo Mafia na delta ya Rufiji iliyo mkabala nayo wanaijua vizuri. Neno mkoko hutumika kwa maana pana ya miti yote ya jamii hiyo ya ufukweni, na pia kwa maana finyu ya Rhizophora mucronata peke yake. Anayeandika "mkoko" pasipo kielelezo hatuambii ni maana ipi. Hali kadhalika, mkandaa ni Ceriops tagal, ilhali kikandaa ni Lumnitzera racemosa. Mwanafunzi wa mofolojia angedhani kuwa kiambishi ki- kinaashiria udogo tu, yaani mkandaa mdogo. Lakini kwa wataalamu wa mimea miti hiyo miwili haimo hata katika familia moja. Ki- hapa inaashiria mfanano ambao mkata boriti ameuona kwa jicho lake, bila kudai undugu wa kibotania. Uchambuzi huo usingewezekana bila tawi lililokaushwa, kwa sababu ndilo linaloturuhusu kuhakiki kile kilichotajwa.

Lebo nayo ina kasoro zake. Mara nyingi huandikwa "Kiswahili" na kuishia hapo. Haielezi iwapo msemaji alikuwa Mmbwera wa vijiji vya kaskazini mwa Mafia au mgeni kutoka Rufiji au Kilwa. Tofauti za lahaja, ambazo ni uhai wa utafiti wetu, hupotea hapo.

4.0 Vigae na miswada

Tatizo hili haliihusu mimea tu. Mwaka 1961 Neville Chittick alichapisha taarifa ya uchimbaji wake wa Kisimani Mafia, mji wa kale wa Kiislamu uliopo magharibi mwa kisiwa. Kazi ya ndani baada ya uchimbaji wowote ni kuosha vigae, kuvitia namba ya shimo na tabaka, kisha kuvipanga kwa maumbo. Maumbo hayo hupewa majina ya Kiingereza. Mfinyanzi wa pwani, hata hivyo, ana mfumo wake: chungu, kaango, mtungi, bunguu, chetezo. Mfumo huo hutenga vyombo kwa kazi yake jikoni na nyumbani, wala si kwa pembe ya ukingo. Mfumo mmoja haubatilishi mwingine. Lakini ule usioandikwa ndio unaosahauliwa.

Katika maktaba hali ni hiyo hiyo. Miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa na J. W. T. Allen kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliorodheshwa katika katalogi iliyochapishwa mwaka 1970. Anayeorodhesha mswada wa hati za Kiarabu ni mfasiri kabla ya kuwa mtunza orodha. Katika mwandiko wa jadi herufi moja yaweza kusimama kwa b, p au mb, na irabu i na e hazitofautishwi. Hivyo bibi na pembe yaweza kuandikwa kwa namna moja. Anwani tunayoisoma katika katalogi ni uamuzi wa mtu, na uamuzi huo wahitaji mjuzi wa lugha.

5.0 Hitimisho

Katika miaka ya karibuni hifadhi kubwa za mimea zimekuwa zikipiga picha vielelezo vyao na kuingiza taarifa za lebo katika kompyuta. Huu ni wakati wa hatari na wa fursa pia. Jina la kienyeji lisiponakiliwa sasa litabaki katika picha ambayo hakuna atakayeitafuta, kwa kuwa mtafutaji hutafuta yaliyonakiliwa.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa uzamili wa leksikografia wapewe lebo kama data, kama wanavyopewa matini za fasihi. Pili, kila jina linapokusanywa upya liandikwe kama lilivyotamkwa, pamoja na kijiji, matumizi na, kwa ridhaa yake, jina la msemaji. Tatu, orodha za majina zirudishwe Mafia, zisomwe mbele ya wakata boriti, wafinyanzi na waganga, nao wazisahihishe. Watu hao ndio mabingwa wa maneno haya, na wengi wao ni wazee. Kielelezo kilichotunzwa vyema chaweza kungoja karne nzima kabatini, lakini mjuzi wa jina lake hawezi.