Je, Wajua? Vermont, Jimbo la Wafugaji Lenye Chaguzi za Ajabu

Kaskazini mashariki mwa Marekani, mpakani na Kanada, kuna jimbo dogo la milima na ng'ombe wa maziwa liitwalo Vermont. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 643,077 tu, na karibu wawili kati ya kila watatu wanaishi vijijini. Hakuna jimbo jingine la Marekani lililo la kijijini kiasi hicho. Nimekuwa nikisoma habari za chaguzi zake kwa raha kubwa, na haya ndiyo niliyoona siwezi kukaa nayo peke yangu.

Kuongoza kwa kura si kushinda

Mgombea ugavana wa Vermont anaweza kuwashinda wote kwa kura na bado asiwe gavana. Katiba inataka apate zaidi ya nusu ya kura zote. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wananchi hawarudi vituoni: wajumbe wa mabaraza yote mawili ya bunge hukutana Januari na kumchagua mmoja kati ya watatu wa juu, tena kwa kura ya siri. Sheria hiyo hiyo inamhusu naibu gavana na mweka hazina.

Mwaka 2014 gavana Peter Shumlin alimpita Scott Milne kwa kura 2,434, lakini hakufikia nusu. Milne hakung'oka kwenye kinyang'anyiro, na jimbo likasubiri hadi Januari 2015, wabunge walipompa Shumlin kura 110 dhidi ya 69. Kwa kawaida wabunge humfuata aliyeongoza, lakini si lazima. Mwaka 1976 walimpa unaibu gavana mtu aliyeshika nafasi ya pili. Na mwaka 1853 walimpita aliyeongoza, wakamweka John S. Robinson wa chama cha Democratic. Baada yake, chama hicho hakikuupata tena ugavana wa Vermont hadi Philip Hoff aliposhinda mwaka 1962. Zaidi ya karne nzima!

Ng'ombe ana chuchu ngapi?

Swali hilo liliulizwa kwenye mdahalo wa kisiasa, na lilimharibia mtu safari ya Seneti. Mwaka 1998 Jack McMullen, tajiri aliyekuwa amehamia Vermont muda mfupi tu kabla, aliomba tiketi ya Republican kugombea Seneti ya Marekani. Mpinzani wake alikuwa Fred Tuttle, mzee wa miaka 79, mfugaji mstaafu wa ng'ombe wa maziwa. Miaka miwili nyuma Tuttle alikuwa ameigiza katika filamu ya vichekesho, akiwa mkulima anayegombea ubunge, na sasa mchezo ulikuwa umegeuka kweli.

Kwenye mdahalo Tuttle hakuuliza habari za kodi wala bajeti. Alimuuliza tajiri yule ng'ombe ana chuchu ngapi. Akajibu sita. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye zizi anajua ni nne. Tuttle alishinda kura za mchujo, kisha akafanya jambo ambalo sijalisikia kwa mgombea mwingine yeyote: akatangaza kwamba yeye mwenyewe atampigia kura mpinzani wake wa Democratic, seneta Patrick Leahy. Leahy alishinda kwa kishindo. Kwangu mimi, lile swali la chuchu lilikuwa swali halali kabisa. Anayeomba kuwasemea wafugaji inafaa awe ameshawahi kumtazama ng'ombe.

Mbunge mmoja, watu 4,300

Baraza la Wawakilishi la Vermont lina wajumbe 150, kwa hiyo kila mmoja anabeba wastani wa watu 4,300 hivi. Ukitaka kipimo cha karibu na nyumbani: gawa idadi ya Wakenya katika sensa ya 2019 kwa wadi zao 1,450, utaona diwani mmoja wa kaunti anasimamia zaidi ya watu 32,000. Vermont mgombea anaweza kabisa kubisha hodi kila mlango wa eneo lake kabla ya siku ya kura.

Zamani ilikuwa kali zaidi. Hadi mwaka 1965 baraza hilo lilikuwa na wajumbe 246, kwa kuwa kila mji, hata ule wa familia chache mlimani, ulituma mjumbe wake mmoja, sawasawa na Burlington, mji mkubwa kuliko yote. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1964 kwamba viti vya mabunge ya majimbo vifuate idadi ya watu, utaratibu huo ukafa.

Gavana wa miaka miwili

Karibu majimbo yote ya Marekani humpa gavana miaka minne. Vermont na jirani yake New Hampshire peke yao ndiyo yaliyobaki na miaka miwili. Hakuna ukomo wa vipindi pia, kwa hiyo anayependwa hurudi na kurudi: Phil Scott, ambaye pia ni dereva wa magari ya mashindano, alichaguliwa mwaka 2016 na mwaka 2024 akashinda kwa mara ya tano.

Ushindi huo wa 2024 ndio unaonishangaza zaidi. Scott ni wa Republican, na alipata asilimia 73 hivi. Siku hiyo hiyo, kwenye karatasi hiyo hiyo, Vermont ilimpa Kamala Harris wa Democratic zaidi ya asilimia 63, kiwango ambacho jimbo jingine lolote halikumpa. Maelfu kwa maelfu walichagua rangi mbili tofauti kwa kalamu moja, wakimtazama mtu badala ya chama.

Habari zilimkuta na mgonjwa

Agosti 1991 gavana Richard Snelling alifariki ghafla. Naibu wake, Howard Dean, alikuwa kliniki akimhudumia mgonjwa, maana unaibu gavana haukuwa kazi ya kutwa na udaktari ndio uliokuwa ukimlisha. Aliingia ugavana siku ile, akabaki humo hadi Januari 2003.

Mgombea asiyeweza kujipigia kura

Katiba inadai gavana awe ameishi Vermont miaka minne. Umri haikuutaja. Basi mwaka 2018 mvulana wa miaka 14 aliingia kwenye mchujo wa Democratic, akamaliza wa nne, ingawa kura yake mwenyewe asingeweza kuipiga. Mwaka 2026 kijana mwingine wa miaka 14 alifika hadi kwenye karatasi ya uchaguzi mkuu.

Wa kwanza, na wa mwisho

Mwaka 1954 Vermont ilimchagua Consuelo Northrop Bailey, mwanamke wa kwanza katika Marekani yote kuchaguliwa naibu gavana. Mwaka 1984 ikamchagua Madeleine Kunin, mzaliwa wa Zurich, Uswisi, awe gavana. Ajabu ni kwamba jimbo hilo hilo lilikuwa la mwisho kati ya yote 50 kumpeleka mwanamke katika bunge la taifa, Washington: Becca Balint, mwaka 2022.

Nani atamkamata sherifu?

Wapiga kura wa kila kaunti humchagua ofisa maalumu ambaye kazi yake kubwa ni kumkamata sherifu ikibidi. Karatasi hiyo hiyo ina majina ya mahakimu wa amani wa mji, ambao husaidia kuhesabu kura na wana mamlaka ya kufungisha ndoa.

Kura kutoka gerezani

Vermont na Maine ndiyo majimbo mawili tu ambayo hayamnyimi mfungwa kura, hata akiwa ndani kwa kosa kubwa. Anajiandikisha kwa anwani aliyoishi kabla ya kufungwa, na kura yake inahesabiwa na ya majirani zake wa zamani.

Kiapo kabla ya kura

Anayejiandikisha Vermont hula kiapo kwamba atapiga kura kwa dhamiri yake, kwa manufaa ya jimbo, bila kumwogopa wala kumpendelea mtu. Kiapo hicho kina mizizi katika katiba ya 1777, wakati Vermont ilipokuwa jamhuri inayojitegemea.

Leo kinaliwa pia na watu waliokulia katika Kiswahili. Mji mdogo wa Winooski ni makazi ya familia nyingi kutoka Kongo, na tangu 2021 wakazi halali wasio raia wanaruhusiwa kupiga kura katika chaguzi za mji huo. Za jimbo ni za raia tu. Kwa hiyo kama una ndugu huko aliyekwisha kupata uraia, mkumbushe: sheria ya Vermont inamruhusu kujiandikisha na kupiga kura siku ile ile ya uchaguzi.