Presha ya Maji ya Zimamoto: Je, Ghorofa ya Juu Iko Salama?

Wakazi wa majengo marefu hupita kila siku kando ya mipira ya zimamoto iliyoviringwa ukutani. Baadhi ya majengo pia yana vinyunyizio vya maji darini. Vifaa hivi haviwezi kuzima moto ikiwa maji hayavifikii kwa presha inayofaa.

Maji hupoteza presha yanapopanda. Kila mita 10 za kwenda juu hupunguza takriban bari 1, kipimo kinachosomwa kwenye geji ya pampu. Pampu ikisukuma maji kwa bari 5, mita 24 juu yake hubaki takriban bari 2.6, na nyingine hupotea ndani ya mabomba.

Kuongeza nguvu ya pampu pekee hakutoshi. Presha inayofaa juu inaweza kuwa kali mno chini, ikapasua viungo vya mabomba au mpira ukamponyoka anayeushika. Kwa hiyo, majengo marefu huwekewa vali za kupunguza presha.

Vali zenyewe lazima zipimwe. Mnamo Februari 23, 1991, moto ulizuka katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza, Philadelphia, Marekani. Vali zilikuwa zimerekebishwa vibaya, na mipira ya wazimamoto ikakosa presha. Wazimamoto 3 walifariki. Moto ulipanda hadi ghorofa ya 30, ambako vinyunyizio 10 vilifunguka, vikapewa maji na magari ya zimamoto na kuuzuia usiendelee.

Wenye majengo wanahimizwa kuhakikisha kuwa:

• Fundi anapima presha kwenye ghorofa ya juu kabisa na ya chini kabisa, maji yakiwa yanatoka.
• Pampu kuu imewekwa ijiwashe yenyewe presha inaposhuka.
• Pampu ndogo ya kudumisha presha haizimwi ili kuokoa umeme. Ikizimwa, uvujaji mdogo tu huifanya pampu kuu kuwaka ovyo na kuchakaa.
• Maji ya tangi la zimamoto hayatumiwi kufulia wala kuoshea magari.

Mpangaji naye ana haki ya kumuuliza msimamizi wa jengo: presha ilipimwa lini mara ya mwisho, na katika ghorofa gani?

Huduma za zimamoto ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010. Wakazi wanaweza kutafuta ushauri katika kituo cha zimamoto kilicho karibu. Moto ukizuka, toka nje kwanza, kisha piga 999 au 112.