KUSAFIRISHA BAISKELI KWA GARI: NJIA IPI NI BORA?



Hapa Kombewa baiskeli, au ndiga kama tuitavyo kwa Dholuo, si kitu cha mchezo. Inabeba mitungi ya maji, inapeleka mahindi kusagwa, inaleta samaki kutoka ufuoni, na mara nyingine inampeleka mgonjwa hospitalini. Ni kweli kwamba pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini baiskeli haiombi petroli. Ndiyo maana bado iko katika boma nyingi za Seme.

Lakini kuna safari ambazo baiskeli yenyewe inahitaji kubebwa. Umeinunua Kisumu na jua linazama. Au fremu imevunjika na fundi wa kuchomelea yuko mjini. Au ndugu yako aliye Nairobi amekutumia moja kwa basi. Hapo wengi wetu hatufikirii sana. Tunafika stendi, makanga anairusha juu, tunaketi, basi. Tukifika tunakuta rimu imepinda na taa imevunjika. Hayo ni madogo. Baiskeli ikianguka barabarani gari likiwa mbioni, inaweza kumuua mwenye pikipiki anayefuata nyuma. Kwa hiyo tujifunze kuchagua vizuri.

KWANZA, IJUE BAISKELI YAKO

Baiskeli nzito ya zamani, ile tunayoiita Black Mamba, ina uzito wa kama kilo 20 au zaidi. Breki zake ni za fimbo za chuma, zinazotoka kwenye usukani hadi kwenye rimu. Kwa sababu ya fimbo hizo, kuugeuza usukani peke yake ni taabu. Tena vyuma vya madigadi mara nyingi vimeshikwa na nati zilezile za gurudumu. Ukianza kuifungua stendi, utapoteza nati na wakati. Baiskeli hiyo isafiri ikiwa nzima.

Baiskeli ya Buffalo, ambayo shirika la World Bicycle Relief limeieneza sehemu nyingi za Afrika, nayo ni nzito. Breki yake iko ndani ya gurudumu la nyuma: unakanyaga pedali kinyume, inashika. Breki hiyo ina mkono wa chuma ulioshikwa kwenye fremu. Gurudumu likitolewa, halafu mkono huo usirudishwe sawasawa, breki haitashika vizuri. Kwa hiyo usiliguse gurudumu la nyuma.

Baiskeli ya gia, ya mitumba au ya dukani, ni nyepesi zaidi. Nyingi zinatoka gurudumu la mbele kwa dakika chache. Hiyo inaweza kuingia ndani ya gari. Ila gia zake za nyuma ni laini. Zikigongwa zinapinda, na cheni haitakaa tena.

PILI, CHAGUA MAHALI PA KUIWEKA

1. Nyuma ya pikapu. Hapa ndipo bora kwa baiskeli nzito. Iko chini, upepo hauipati sana, na ukifika unaishusha bila kuirusha. Ilaze juu ya gunia au uisimamishe kando ya ubao, lakini ifungwe. Usidhani uzito wake utaishikilia. Kwenye murram ya kushuka ziwani inaruka kama mpira. Watu wasikalie juu yake, na mifuko ya simiti isiwekwe juu ya spoki.

2. Juu ya keria ya matatu au basi. Hii ni njia nzuri ya pili, ikiwa keria ni imara. Adui wa huku juu ni upepo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, upepo unasukuma baiskeli kwa nguvu mara nne kuliko likienda kilomita 40. Kamba iliyotosha kwenye matuta ya soko la Kombewa huenda isitoshe kwenye lami iliyonyooka kuelekea Kisian. Kwa hiyo ilaze, usiisimamishe. Tena mzigo mwingi juu hufanya gari liyumbe kwenye kona. Kama keria imeshajaa magunia na vitanda, ngoja gari lingine.

3. Ndani ya gari. Kwa baiskeli nyepesi iliyotolewa gurudumu, buti ya basi au ya gari dogo kama Probox inafaa. Lakini isiwekwe kwenye njia ya abiria wala mlangoni. Gari likifunga breki ghafla, chuma cha kilo 20 kisichofungwa kinaenda mbele kwa kishindo. Na ajali ikitokea, watu watatokaje?

4. Kuning'iniza nyuma ya gari. Hii iwe ya mwisho. Baiskeli inaziba taa za breki na namba ya gari, na polisi wana haki ya kuwasimamisha. Kama gurudumu liko karibu na ekzosi, moshi wa moto unaharibu tairi. Tena dereva akirudi nyuma kidogo tu, baiskeli ndiyo inayogonga ukuta kwanza. Kama hakuna njia nyingine, hakikisha taa na namba zinaonekana, na ufunge kitambaa chekundu mahali inapochomoza.

TATU, IFUNGE VIZURI

Beba kamba zako mwenyewe. Blada zilizokatwa kutoka tyubu kuukuu ni nzuri kwa kukaza, lakini zinanyumbuka, kwa hiyo zisiachwe peke yake. Ziongezee kamba isiyonyumbuka. Kumbuka kamba ya katani inakaza ikilowa na inalegea ikikauka. Mvua ikinyesha halafu jua litoke, ikague tena.

Ilaze baiskeli kwa ubavu wa kushoto, ili cheni na gia zielekee juu. Weka gunia chini yake. Funga mahali patatu: kwenye shingo ya fremu karibu na usukani, kwenye fremu chini ya kiti, na kwenye fremu karibu na gurudumu la nyuma. Kila mahali pawe na kamba yake, moja ikikatika nyingine zishike. Usifunge kwa spoki, madigadi wala fimbo za breki, maana hizo zinapinda. Gurudumu la mbele nalo lifungwe kwenye fremu lisigeuke. Kama ni baiskeli mbili, moja itazame mbele na nyingine nyuma, na gunia katikati.

Pedali ikisumbua, itoe. Ya kulia inafunguka kwa kugeuza spana kinyume cha mshale wa saa. Ya kushoto ni kinyume chake: inafunguka kwa kufuata mshale wa saa. Wengi wameharibu nyuzi kwa kutojua hilo.

Ukimaliza, itikise kwa mikono miwili. Ikicheza, bado. Gari likisimama kituo cha kwanza, shuka ukague. Kamba mpya hulegea mwanzoni mwa safari.

NNE, PATANENI KABLA YA KUONDOKA

Elewana na makanga nauli ya baiskeli kabla haijapanda, na ulizeni wazi nani atalipa ikiharibika. Mbele ya watu wa stendi ni bora kuliko kugombana mkifika. Andika namba ya gari na namba ya fremu, ambayo mara nyingi imechongwa chini ya pedali au chini ya kiti. Kama unaituma bila kuisindikiza, dai risiti, na mpe anayeipokea namba zote mbili. Kabla hujalipa salio, izungushe magurudumu na ujaribu breki hapohapo.

Na usione haya kumwambia dereva, "Ndugu yangu, hii haijakaa vizuri, tuifunge tena." Dakika tano za kufunga hazimchelewishi mtu kama ajali.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kati ya baiskeli tulizo nazo, ni zipi zinaweza kutolewa gurudumu bila shida?
2. Je, kikundi kinaweza kununua seti moja ya kamba na spana za kuazimana?
3. Wanachama wanaosafirisha baiskeli zao kwenda mjini wanaweza kukodi pikapu pamoja siku moja, badala ya kila mtu kutafuta matatu yake?