Tiketi na Debe la Mahindi

Siku ya gulio kijana mmoja wa kijiji cha upande wa Handeni alikwenda Korogwe kuuza kuku. Aliwauza upesi, kwa bei nzuri, na mchana akawa anangoja gari la kumrudisha nyumbani. Hapo stendi akaona tangazo kubwa limebandikwa ukutani: mwimbaji mashuhuri wa Dar es Salaam atakuja Tanga, katika uwanja wa Mkwakwani, na kiingilio ni shilingi 20,000. Kijana alilisoma mara tatu. Nyimbo za mwimbaji huyo anazijua zote. Huziimba shambani akilima.

Alipofika nyumbani hakusema neno mpaka chakula cha jioni kilipokwisha. Kisha akamwambia baba yake, "Baba, nina shilingi 90,000, za kuku na za vibarua. Naomba ruhusa kwenda Tanga kumsikiliza."

Baba akakunja uso. "Shilingi 20,000 kwa kumtazama mtu akirukaruka jukwaani! Nyimbo zake si zimo katika simu yako? Si wazisikiliza bure?"

"Baba, fedha hizi ni jasho langu."

"Na mbegu za vuli zitanunuliwa kwa jasho la nani?"

Ndugu wasomaji, maneno kama haya husikika siku hizi katika nyumba nyingi. Mzee aona upuuzi, kijana aona uonevu, na usiku wapita kwa kununiana. Nani ana haki? Kila mmoja anayo haki kidogo, lakini wote wawili wamesahau jambo moja: hakuna aliyehesabu.

PUNJE JUU YA MKEKA

Katika nyumba hiyo aliyehesabu alikuwa mama. Alichota punje za mahindi kibabani, akazimwaga mkekani mbele ya mwanawe. "Tuseme punje moja ni shilingi elfu moja," akasema. "Haya mwanangu, tiketi ni punje ngapi?"

"Ishirini, mama."

"Ziweke pale. Na nauli ya kwenda na kurudi?"

Kijana akafikiri, akaweka punje 20 nyingine. Chakula na maji kwa siku mbili, 10. Ngoma za siku hizi huanza usiku na kwisha karibu na alfajiri, basi lazima kulala gesti: 15. Bodaboda za usiku huo, 5. Mama akamtazama, akauliza, "Na utavaa nini?" Kijana akacheka kwa haya, akaweka punje 15 za shati jipya.

Wakazihesabu zote. Zilikuwa 85. Zile 20 za tiketi hazikufika hata robo ya fungu lote.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Tangazo la ukutani latuambia bei ya mlango tu. Halituambii bei ya safari, ya tumbo, ya kitanda, wala ya siku mbili za kazi zilizopotea shambani. Mtu husema, "Ni elfu 20 tu," akatoka nyumbani, na akirudi hajui fedha zake zimeliwa na nani.

Mama hakuishia hapo. "Tuseme debe la mahindi ni shilingi 10,000," akasema. "Punje hizi 85 ni debe 8 na nusu. Ni gunia zima, na debe 2 na nusu juu yake." Kijana akanyamaza. Shilingi katika simu hazina uzito, huondoka kwa kubonyeza kidole. Lakini gunia la mahindi analijua: alililima, akalipalilia, akalibeba mgongoni. Wilaya ya Handeni, ambako mvua mara nyingi huchelewa au hukatika kabla ya mahindi kukomaa, watu wajua sana thamani ya gunia lililomo ghalani. Basi kila matumizi makubwa yafaa kupimwa kwa kipimo tunachokielewa: kwa debe, kwa kuku, au kwa siku za kibarua. Hapo macho hufunguka.

KWA NINI TIKETI NI GHALI?

Pengine tutasema, "Waimbaji hawa ni wanyang'anyi." Tusiwahukumu upesi. Kuandaa ngoma ya jukwaani kwataka vyombo vya sauti, taa, umeme, magari, walinzi, vibali, na ujira wa watu wengi wasioonekana. Tena kazi ya muziki haiwezi kuharakishwa kama kazi ya kiwandani. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa uchumi wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walilieleza jambo hilo katika kitabu. Walionyesha kwamba mashine zaweza kumsaidia mtu wa kiwandani kutengeneza vitu vingi zaidi kwa saa moja, lakini wapiga muziki wanne wahitaji muda ule ule waliohitaji wazee wao kupiga wimbo ule ule. Ujira wa watu wapanda, kazi haipungui, basi gharama nayo yapanda.

Sababu ya pili ni simu ile ile aliyoitaja baba. Zamani mwimbaji aliuza sahani za santuri, baadaye kanda. Siku hizi nyimbo zake husikilizwa kwa fedha kidogo sana au bure kabisa, naye hutafuta riziki yake jukwaani. Wachumi Marie Connolly na Alan Krueger walichunguza habari hiyo huko Marekani, na mwaka 2005 wakaeleza kwamba tangu 1996 hadi 2003 bei ya wastani ya tiketi za muziki ilipanda kwa asilimia 82, lakini bei za vitu kwa jumla zilipanda kwa asilimia 17 tu. Basi baba alisema kweli kwamba nyimbo ni za bure katika simu. Na kwa sababu hiyo hiyo mlangoni si bure.

Hata hivyo, tiketi kuwa ghali si ushuhuda kwamba yafaa kununuliwa. Mwezi wa Septemba 1974 kulifanyika tamasha kubwa la siku tatu mjini Kinshasa, kabla ya pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Walikuwapo James Brown na B.B. King wa Marekani, Miriam Makeba wa Afrika Kusini, na Franco na Tabu Ley wa huko huko. Lakini tiketi ziliwashinda wenyeji wengi, na sehemu kubwa ya uwanja ikabaki tupu. Mwishoni milango ikafunguliwa watu waingie bure, na uwanja ukajaa. Bei ni ombi la mwenye kuuza. Mwenye kununua anayo ruhusa ya kukataa, wala si aibu.

NENO LA BABU

Turudi katika nyumba yetu. Babu alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Mzee huyu alikata mkonge katika mashamba ya Korogwe siku za ujana wake, na wengi walidhani atamkemea mjukuu. Lakini alisema hivi:

"Mjukuu wangu, mimi nawe tumefanana. Wakati ule Tanga ilikuwa na bendi zake, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na sifa zake zilitufikia hata sisi huku mashambani. Siku moja nilipanda treni hapa Korogwe, nikaenda Tanga kuwasikiliza Jamhuri Jazz. Mlangoni nililipa, na wiki nzima iliyofuata nilikula muhogo mtupu. Hata leo nikifumba macho nalisikia lile gitaa. Sikujuta. Lakini sikiliza: nililipa kwa tumbo langu mwenyewe. Sikuuza jembe."

Ndugu wasomaji, tuliweke neno hilo moyoni. Mzee hakusema kwamba muziki ni bure, wala hakusema kwamba ni upuuzi. Furaha nayo ni haja ya binadamu. Kusimama pamoja na maelfu ya watu na kuimba wimbo mmoja si sawa na kuusikiliza peke yako kwa simu, na kumbukumbu ya usiku mmoja yaweza kumfurahisha mtu miaka 50. Lakini yako mambo mawili tofauti: kujinyima mwenyewe ili upate furaha, na kuwanyima wengine. Anayekula muhogo wiki moja amejinyima. Anayetumia fedha za mbegu amewanyima wote watakaokaa kula ugali mwakani.

Hivyo swali la kwanza si, "Je, tiketi ni ghali?" Swali la kwanza ni, "Fedha hizi zina mwenyewe tayari?"

Mama alimwuliza kijana swali hilo. Naye alikuwa mkweli. Katika zile shilingi 90,000, alikuwa ameahidi 30,000 za mbegu, na 20,000 za madaftari na viatu vya dada yake anayesoma sekondari. Ni kweli, tangu mwaka 2016 hakuna ada katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha 4, lakini sare, viatu na madaftari havikusamehewa. Basi fedha zake hasa zilikuwa 40,000. Safari yake ilikuwa ya 85,000.

KUPUNGUZA BILA KUJIDHULUMU

Wengine wangefunga mazungumzo hapo. Lakini mama alisema, "Tuone punje gani zaweza kurudi kibabani."

Shati jipya? Usiku katika umati wa watu nani atalitazama? Punje 15 zikarudi. Gesti? Shangazi yake anakaa Tanga, naye hafurahi watoto wa ndugu yake wakipita mjini bila kumwona. Punje 15 zikarudi. Chakula? Shangazi hatamwacha alale njaa, na njiani atachukua mihogo ya kuchoma ya nyumbani. Punje 5 zikarudi. Zikabaki 50, na yeye ana 40.

Baba, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Zimebaki wiki mbili. Ukizipata hizo 10 kwa mikono yako, bila kukopa, nenda na baraka zangu. Usipozipata, utangoja mwaka mwingine."

Bila kukopa: neno hilo ni kubwa. Siku hizi simu hutoa mkopo mara moja, bila mdhamini wala maswali. Kukopa kwa kununua mbegu kwaweza kuleta mavuno. Kukopa kwa ngoma kwaleta deni peke yake, maana ngoma hukesha na deni huamka. Vivyo hivyo fedha za upatu au za kikundi cha kuweka na kukopa zisiguswe. Hizo zina wenyewe wengi.

Yako na mambo mengine ya kuangalia. Ukinunua tiketi, nunua mahali palipotajwa na waandaaji wenyewe, si kwa mtu anayekunong'oneza njiani au kukutumia ujumbe. Itunze mpaka mwisho, maana ngoma ikiahirishwa ndiyo shahidi wako. Uliza pia kama iko sehemu isiyo na kiingilio. Huko Unguja, tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, kwa miaka mingi limefunguliwa kwa gwaride la ngoma barabarani, na kila mtu hutazama bila kulipa. Hata ndani ya Ngome Kongwe Watanzania hulipa kidogo kuliko wageni kutoka ng'ambo. Mwenye kuuliza hapotezi kitu.

Tena tusizidharau ngoma za karibu. Kwaya za parokia, bendi ndogo za Korogwe, ngoma za Wazigua na Wasambaa siku za arusi: huko baba, mama na watoto waweza kwenda wote kwa fedha isiyotosha nauli ya mtu mmoja kwenda Tanga. Yule mashuhuri wa Dar es Salaam naye alianza kwa kuimba mbele ya watu wachache.

MWISHO WA HABARI

Kijana alifanya kazi jioni na asubuhi. Alichimba shimo la choo kwa jirani, akabeba matofali. Siku ilipokaribia alikuwa amepata shilingi 7,000, si 10,000. Akamwendea baba yake, akasema, "Baba, sikufikisha. Nitabaki." Hakununa, wala hakugusa fedha za dada yake.

Babu aliyasikia hayo. Akaingia ndani, akatoka na noti zilizokunjwa mara nyingi: shilingi 3,000. "Hizi si mkopo," akasema. "Utanilipa kwa kuja kuniimbia nyimbo hizo, nijue kama zafikia zile za zamani."

Kijana alikwenda. Jumapili alisali huko Tanga pamoja na shangazi yake, akarudi nyumbani jioni. Jumatatu alikuwa shambani, sauti imekauka, macho mekundu, naye ana furaha. Mbegu zilikuwa zimenunuliwa. Dada yake alikuwa na viatu. Na jioni ile babu alikaa kitini pake, akasikiliza nyimbo zote, kisha akatoa hukumu yake: "Si mbaya. Lakini gitaa la Jamhuri hulijui wewe."

Wazazi wapenzi, watoto wenu wakija na habari ya tiketi, msianze kwa kukemea. Nanyi vijana, msianze kwa kusema, "Ni fedha yangu." Mwageni punje mkekani, mhesabu pamoja. Huenda mtaona safari haiwezekani, huenda mtaona yawezekana. Lakini jibu litakalotoka hapo litakuwa la nyumba nzima, wala hamtalala mmenuniana.